Hajaamka baada ya nusu kaputi: dawa tu, au kifafa kimejificha?

Shangazi yangu katoka thieta saa tano asubuhi, hapa hapa Mwanza, hadi saa nane mchana hajafumbua macho na jibu ni lile lile, "dawa bado haijaisha, subirini". Binamu yangu muuza sangara pale Kirumba akainama akamwangalia, akasema mbona kope inachezacheza, hiki si kifafa hiki?

Watu wakamcheka, ila hakuongea ujinga. Kuna kifafa hakina kurusha mikono wala povu, umeme wa ubongo unapiga ovyo ndani kwa ndani huku mwili umetulia tuli. Labda macho yamevutwa upande mmoja, labda kope au mdomo unacheza kidogo, basi. Cha kuthibitisha ni EEG, ile ya kubandika nyaya kichwani. Na wanaotaka ipigwe mapema wana hoja, maana kifafa kikiachwa kiendelee kinazidi kuwa kibishi kwa dawa.

Ila waliosema subirini nao hawakukurupuka. Mara nyingi anayechelewa kuamka ni mabaki ya dawa za usingizi na za maumivu, au mwili umepoa, au hapumui vya kutosha hewa chafu inajaa kwenye damu, au sukari. Hata kutetemeka baada ya thieta mara nyingi ni baridi tu.

Mimi niko upande wa sukari kwanza, nakiri. Shangazi ana kisukari, alimeza vidonge vyake alfajiri na hajala kitu, walipokuja kumtoboa kidole mashine ikasoma 1.9, sukari imeshuka mno. Kawekewa drip ya glukosi, baadaye kidogo anauliza kandambili zake ziko wapi. Kosa halikuwa kusubiri, ni kusubiri bila kupima.

Sasa ngoma ni pale vipimo vyote viko sawa na EEG hakuna. Wengine wanasema mpe diazepamu uone. Hapo ndo kwenye mtego, dawa inayozima kifafa ndiyo hiyo hiyo inayolaza mtu na inaweza kupunguza pumzi, akizidi kulala utasema kifafa hakikuwepo au dawa ndo imemlaza? Tena hata kifafa kikizimwa si lazima aamke papo hapo. Kubahatisha hivyo oksijeni ipo na mtaalamu wa usingizi kasimama pembeni, sawa, ila saa nane usiku wodini, nesi mmoja na vitanda vimejaa, hapana jamani, bora rufaa.