Wayahudi hawakuhamia Poland kwa mkupuo mmoja

Kuna makala inayosema Wayahudi wa Ujerumani walihamia Poland kwa mkupuo mmoja, wakikimbia mauaji dhidi yao wakati wa tauni ya 1348. Mauaji yalikuwepo kweli, ila watu walishaanza kuhama kidogo kidogo muda mrefu kabla. Sarafu za mtawala wa Poland Mieszko III, za karne ya 12, tayari zilikuwa na maandishi ya Kiebrania, ishara kwamba Wayahudi walishakuwepo huko!

Tusisahau pia kilichowavuta. Hati ya Kalisz ya 1264, iliyotolewa Poland kuhusu haki za Wayahudi, iliwaweka chini ya ulinzi wa mtawala mwenyewe, ikawaruhusu kukopesha kwa rehani, na ikakataza kuwasingizia kwamba hutumia damu ya Wakristo. Mfalme Kazimierz III aliithibitisha mwaka 1334.

Kwa wanaodai asili ya Wayahudi hao ni Wakhazari, watu wa kale wa nyika za kaskazini mwa Kaukazi ambao inasemekana watawala wao walifuata dini ya Kiyahudi, sikilizeni lugha. Kiyidi, lugha ya jadi ya Wayahudi hao, huandikwa kwa herufi za Kiebrania, lakini kiunzi chake ni Kijerumani cha zama za kati. Maneno ya Kislavi yaliongezeka walipofika mashariki. Wahamiaji kutoka nyika za Wakhazari wangekipata wapi Kijerumani hicho?