Taa ya Injini Imewaka: Usinunue Kitu Bado

Kuna tabia ya gereji inayoniudhi, nami naona inawala watu pesa bure. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma msimbo wa hitilafu P0171, na papo hapo hukumu imetoka: sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa, kanunue. Mteja ananunua, taa inafutwa, na siku chache baadaye inawaka tena. Mara nyingi sensa iliyotupwa ilikuwa nzima, tena ndiyo iliyokuwa ikisema kweli.

P0171 inasema jambo moja tu: mafuta ni kidogo kwa hewa iliyoingia. Sababu haitaji. Inaweza kuwa mpira wa vakyumu uliopasuka, sensa ya kupima hewa iliyoshika vumbi, pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, hata tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa. Utajuaje ni ipi? Mashine ile ile inakuonyesha, ukiacha kuishia kwenye msimbo. Kompyuta ya injini hurekebisha mafuta muda wote, na marekebisho hayo husomeka kwa asilimia. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta ukaona kompyuta imeongeza mafuta kwa asilimia 20, kisha ukaipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na nyongeza ikashuka hadi 5 hivi, tafuta mahali panapoingiza hewa ya wizi, yaani hewa isiyopita kwenye sensa ya hewa. Nyongeza ikizidi kadiri injini inavyobeba mzigo, geukia pampu, filta au ile sensa ya hewa. Kazi hii haichukui muda, na haihitaji kununua chochote.

Gari linalomisi, yaani silinda moja inaporuka kuchoma, ni hivyo hivyo. P0301 maana yake silinda namba 1 haichomi sawasawa. Kama kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme wa cheche, zima injini, hamisha koili ya silinda 1 uipeleke 3, na ya 3 uilete 1, futa msimbo, kisha endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha nenda kwenye nozeli inayonyunyiza mafuta na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Ila taa ikiwa inamweka-mweka, usiendelee na safari: mafuta ambayo hayajaungua yanaenda kuungulia kwenye masega ya bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, na masega yakiyeyuka gharama yake ni ya kulia.

Mfumo wenyewe wa misimbo hii, OBD-II, ni wa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia toleo la 1996. Herufi ya kwanza ya msimbo: P ni injini na gia, B bodi, C chasi, U mawasiliano ya kompyuta za gari. Angalia sana tarakimu inayofuata. P0 ni msimbo wa watengenezaji wote, lakini P1 kwa kawaida ni wa mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo maana uliyoambiwa na mwenye gari la aina nyingine huenda isikuhusu kabisa.

Na hii "tyuni" tunayoiomba kila gari likikosa nguvu? Zamani ilikuwa kazi hasa: kusafisha kontakti pointi, kuzungusha distributa kupata taiming, kurekebisha kabureta. Siku hizi taiming na mafuta vinaamuliwa na kompyuta. Kilichobaki ni plagi, filta ya hewa na kusafisha mlango wa hewa. Plagi za iridiamu nyingi hufika kilomita 100,000, kwa hiyo kuzibadili kila sevisi ni hasara. Mimi ningemwambia fundi azichomoe kwanza tuziangalie.

Kufuta msimbo nako si matengenezo. Ukifuta, unapoteza pia ile kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: joto, mizunguko, mzigo. Andika namba hizo kwanza. Vilevile kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani, na mengine hayakamiliki mpaka gari liendeshwe katika hali tofauti. Hapo ndipo mnunuzi wa gari lililotumika hupata habari. Dashibodi ikiwa safi lakini mashine ikionyesha majaribio mengi hayajakamilika, huenda kumbukumbu imefutwa au betri imechomolewa karibuni. Gari kama hilo ningeomba niliendeshe mpaka yakamilike, ndipo tuzungumze bei.