Kugombea Kiti cha Bodi ya Shule Marekani: Mjumbe Mmoja Anaweza Nini?

Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na katika sehemu kubwa ya wilaya hizo wajumbe wa bodi huchaguliwa na wananchi wenyewe. Ni nadra mtu kuamua kugombea kwa sababu amesoma bajeti ya wilaya akaona kasoro. Mara nyingi husukumwa na jambo lililomgusa nyumbani: basi la wanafunzi limefutwa, shule ya jirani inatajwa kufungwa, mtoto mwenye ulemavu hapewi huduma anazostahili, au kitabu fulani kimeondolewa maktabani. Wapo wanaosema mgombea wa namna hiyo hafai kupewa kiti, kwa kuwa anakwenda kusimamia elimu ya maelfu ya watoto huku akiwaza jambo moja. Hoja hiyo ina uzito, ingawa kwa maoni yangu haitoshi kumfanya mtu huyo akae pembeni.

Uzito wake unatokana na mipaka ya kiti chenyewe. Bodi nyingi zina wajumbe watano au saba, na mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao halali. Mjumbe mmoja hawezi kuingia shuleni akamwamuru mwalimu mkuu, hawezi kumhamisha mwalimu, wala hawezi kufuta adhabu aliyopewa mwanafunzi. Kazi yake kubwa ni kupiga kura: kumwajiri na kumpima msimamizi mkuu wa shule za wilaya, kupitisha bajeti, kuidhinisha mikataba ya wafanyakazi na kuweka sera. Hata bajeti haiachi nafasi kubwa, kwa sababu takriban asilimia 80 ya matumizi ya kawaida huishia kwenye mishahara na mafao, na sehemu kubwa ya mapato hutoka jimboni na kwenye kodi ya majengo na ardhi. Mwaka 1973, katika kesi ya wilaya ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba pengo la fedha linalotokana na kodi hiyo, kati ya wilaya tajiri na maskini, halivunji Katiba ya nchi. Mgombea anayeahidi kwamba wilaya yake maskini italingana na jirani yake tajiri anaahidi jambo lisilo mikononi mwa bodi.

Kuna kikwazo kingine ambacho wagombea wapya hukigundua baada ya kuapishwa. Majimbo yana sheria za mikutano ya wazi. Ile ya California, iliyopitishwa mwaka 1953, inakataza wajumbe walio wengi kujadiliana kuhusu shughuli za bodi nje ya kikao kilichotangazwa. Sheria hiyo ni kinga nzuri kwa umma, lakini maana yake ni kwamba aliyezoea kushawishi watu faraghani atalazimika kujenga hoja yake mbele ya kadamnasi, akisikilizwa na waliomchagua na waliomkataa. Na kazi hiyo, katika wilaya nyingi, haina mshahara.

Mfano wa San Francisco hutajwa sana na pande zote mbili, na ni haki utajwe. Mwezi Januari 2021 bodi ya huko ilipiga kura kubadili majina ya shule 44, wakati wanafunzi wengi walikuwa bado wanasomea nyumbani kwa sababu ya korona. Mwezi Februari 2022 wapiga kura waliwaondoa wajumbe watatu kabla ya muda wao kwisha. Wanaowahofia wagombea wa jambo moja wanaona hapo ushahidi wa bodi iliyopotoka kwenye kazi yake ya msingi. Wanasahau, hata hivyo, kwamba miongoni mwa waliosukuma kura ile ya kuwaondoa walikuwa wazazi wa kawaida, ambao nao walikuwa na dai lao moja: milango ya shule ifunguliwe.

Chicago inaonyesha nguvu hiyo kwa uwazi zaidi. Tangu mwaka 1995 meya ndiye aliyekuwa akiteua bodi, na mwaka 2013 bodi hiyo ya uteuzi ilifunga takriban shule 50 licha ya kilio cha familia nyingi. Hasira ya kufungiwa shule ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoimarisha madai ya kuwa na bodi ya kuchaguliwa, na Novemba 2024 wakazi walichagua wajumbe wa bodi kwa mara ya kwanza: kumi kwa kura, kumi na mmoja wakabaki wa uteuzi wa meya hadi wote 21 watakapokuwa wa kuchaguliwa mwaka 2027. Ni kweli kwamba uchaguzi ule ulivutia mamilioni ya dola kutoka kwa makundi yenye maslahi, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mzazi mwenye dai moja. Lakini bila madai ya watu waliokasirishwa na jambo mahsusi, kiti chenyewe cha kugombea kisingekuwapo.

Kwa hiyo ningempima mgombea kwa kuangalia amelifuatilia dai lake hadi wapi. Chukua mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Akiuliza kwa nini huduma hazitoshi, atafika kwenye sheria ya mwaka 1975, ambayo iliruhusu serikali kuu kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kila mwanafunzi kwa ajili ya watoto hao, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Atajua kwamba wilaya inawajibika kisheria kutoa huduma hata fedha hizo zisipokuja, kwamba pengo hilo huzibwa na fungu la jumla, na kwamba fungu hilo ndilo linalolipa walimu wa darasa la kawaida. Mzazi aliyefika hapo ameielewa bajeti ya wilaya kuliko mgombea mwenye ahadi kumi za juu juu. Aliyeishia kwenye kumlaumu mwalimu wa mtoto wake bado hajajua anagombea kazi gani, na wapiga kura wanaweza kumtambua kwa kumuuliza swali moja tu kabla ya siku ya uchaguzi: fedha za unachokidai zitatoka kwenye fungu lipi, na ni wajumbe gani wengine watakaokuunga mkono?