Mzee ana watu

Jumamosi iliyopita umoja wetu wa wakulima wa miti hapa Mufindi ulipitisha bajeti ya mshauri. Si mshauri wa miti. Miti tunaijua wenyewe: mpaina upogolewe lini, mlingoti ukatwe wapi ili uchipue tena, moto wa Septemba huwa unaingilia upande gani wa shamba. Tuliyemkodi ni afisa mstaafu wa jeshi, cheo kikubwa (sikitaji, wa cheo kile si wengi na mtamjua), mwenye kampuni yake ya ushauri wa kimkakati, ofisi Dar es Salaam.

Andiko lake lilizunguka ukumbini mkono kwa mkono, karatasi nzito kama ya kadi za harusi. Ukurasa wa kwanza picha yake, sare na nishani. Kurasa zinazofuata kozi, vikosi, misheni za nje. Mbao zimetajwa mara moja tu, tena zimeandikwa "mabao". Nikajisemea labda tumeletewa kocha.

Katibu alipoulizwa mzee atatufanyia nini hasa kwa milioni nne kila mwezi, hakubabaika. "Jamani, mzee ana watu. Gari likishikwa, ni simu moja tu."

Makofi.

Ndipo mama mmoja wa Igowole akasimama nyuma kabisa, kitenge begani. "Kamwene, mwenyekiti. Mimi nauliza tu. Huyo baba akipiga simu, anampigia nani? Na huyo mtu, mbona sisi tukienda ofisini tunaambiwa yuko kikaoni?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema swali ni zuri, liingie kwenye kumbukumbu, kisha tukatangaziwa chakula. Wali na nyama vimezima hoja nyingi sana katika nchi hii.

Wiki nzima swali la yule mama halijanitoka, na kadiri ninavyoligeuza ndivyo ninavyozidi kukasirika.

Gari letu linakwamaje? Mbao zimepasuliwa, zimegongwa nyundo ya mhuri wa misitu, ushuru umelipwa, kibali cha kusafirisha kipo kwenye bahasha juu ya dashibodi. Dereva anafika kwenye geti la ukaguzi wa mbao saa mbili usiku, anaambiwa mhusika ametoka. Analala hapo. Asubuhi mhusika anarudi, anauona mhuri haujakolea, anataka uthibitisho kutoka alikotoka. Siku ya pili. Mteja wa Dar ameshanunua kwingine, na zile mbao mbichi zimeanza kupinda chini ya turubai. Hiyo ndiyo shida yetu, kila mpasuaji wa Mafinga anaijua, na dawa yake ni mbili. Ama utaratibu wa geti unyooke kwa kila mtu, ama sisi peke yetu tupate wa kutupigia simu. Milioni nne zetu zimekwenda kwenye dawa ya pili.

Anayepokea simu hiyo ni nani? Mtumishi wa umma, mshahara wake unatoka kwetu. Na mpigaji, uzito wa sauti yake ameupata wapi? Amesomeshwa chuo cha jeshi Monduli kwa kodi, akapelekwa cha Duluti kwa kodi, pengine akamalizia cha Kunduchi, nako kwa kodi. Cheo kakipata kwa utumishi na sina neno, wengi wao waliumia kukipata. Lakini ile heshima inayomfanya ofisa wa geti asimame wima akisikia "afande" upande wa pili hakuja nayo kutoka kwao. Ni mali ya jeshi, na jeshi ni letu. Sasa tunauziwa. Ni sawa na kumlipa jirani akuchotee maji kwenye bomba la kijiji ambalo mtaro wake ulichimba wewe.

Halafu fikiria gari la mwenzetu. Letu likiachiwa kwa simu, lile lililokuwa mbele yetu kwenye foleni ndilo linalosubiri. La nani? La mkulima wa Kilolo ambaye umoja wao hauna kanali. Basi Kilolo nao watachangishana, wakodi brigedia. Njombe wakisikia, watatafuta meja jenerali. Tutafika mahali mbao zipite getini kwa itifaki, na yule mama wa Igowole mwenye mipaina yake ya kusomeshea watoto atabaki amesimama pembeni na kibali chake halali kabisa mkononi, akiuliza swali lile lile.

Na geti? Geti litakuwa limepata sababu ya kutonyooka. Kama kila anayekwama ana wa kumpigia, nani tena atapeleka malalamiko kwa mkuu wa wilaya au kwa mbunge? Mshauri wa aina hii anakula kwa sababu njia ni mbovu. Sitegemei ailime.

Najua mtakachosema, kwamba maafisa hawa wana ujuzi. Haya, wanao. Kuhamisha watu, mafuta na chakula kwa ratiba, tena kwenye matope, si kitu cha kubeza. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walipogomea bei, Magufuli aliamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na JWTZ wakapelekwa kusini kuzisomba. Malipo ya wakulima ni hadithi nyingine, ndefu na yenye machozi, lakini malori yalikwenda. Mzee wetu angeandika kwamba atatupangia zamu za moto, barabara za kuzuia moto na namna ya kuitana usiku kijiji hadi kijiji, mkono wangu ungekuwa wa kwanza kunyooka. Hakuandika hivyo. Hakulazimika, maana hatukumwitia hilo.

Wala sisemi mstaafu akae nyumbani afuge kuku. Jenerali Waitara alipewa uenyekiti wa bodi ya TANAPA, ya hifadhi za taifa, Jenerali Mboma TANESCO ya umeme, Mwamunyange DAWASA ya maji ya Dar, Mabeyo hifadhi ya Ngorongoro. Jirani zetu wa Songwe waliongozwa na Brigedia Jenerali mstaafu Nicodemus Mwangela, mkuu wa mkoa. Unaweza kubishana kama viti hivyo ni vya askari au vya wataalamu, na mimi nabishana kila nikipata wa kubishana naye. Ila uteuzi unatangazwa, jina linasomwa redioni, mashirika yenyewe CAG anayakagua. Ukikasirika unajua umkasirikie nani na kwa kiti gani. Mshauri binafsi hatangazwi na mtu.

Wamarekani wenyewe, wenye kila aina ya sheria, jambo hili limewashinda. Jenerali McChrystal, kamanda wao Afghanistan, aliachia ngazi mwaka 2010 baada ya maneno yake na ya wasaidizi wake kuhusu viongozi wa Ikulu yao kuchapishwa kwenye jarida. Mwaka uliofuata alifungua kampuni ya kufundisha makampuni uongozi. (Hapa Mafinga ukiondolewa kazini kwa mdomo, unarudi kupalilia.) Jenerali mwenzake, Petraeus, alikwenda kwa mabepari wa KKR, kampuni ya uwekezaji, mwaka 2013. Jenerali Lloyd Austin alistaafu jeshini 2016, akakaa kwenye bodi ya Raytheon wanaotengeneza makombora, na 2021 akawa waziri wa ulinzi. Wakaguzi wa serikali yao walihesabu kwamba mwaka 2019 maafisa wa zamani wa wizara ya ulinzi zaidi ya 1,700 walikuwa katika kampuni 14 kubwa za zabuni za kijeshi. Gazeti la Washington Post nalo mwaka 2022 liliandika kwamba wanajeshi wastaafu zaidi ya 500 walichukua kazi za serikali za kigeni tangu 2015, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zikiwamo. Kule mstaafu lazima aombe ruhusa kwanza kabla ya kufanya kazi hiyo. Karibu wote waliruhusiwa, na gazeti lilibidi liende mahakamani ndipo lipate karatasi. Lakini karatasi zilikuwepo! Kulikuwa na kitu cha kudai mahakamani. Sisi tungedai nini?

Na kwa jirani, ng'ambo ya Ruvuma, mchezo huu umeshaonekana ukiwa na silaha. Msumbiji mwaka 2020 walipozidiwa na waasi Cabo Delgado, kaskazini mwao, waliikodi Dyck Advisory Group ya Lionel Dyck, kanali mstaafu wa Zimbabwe. Kampuni ya ushauri kwa jina, kwa kazi ni helikopta zenye bunduki. Machi 2021 Amnesty International waliituhumu kwa kufyatulia risasi na kutupa mabomu kwenye makundi ya watu bila kuchagua raia na mpiganaji. Mkataba ukaisha mwaka huo huo, wakaondoka. Mjane wa kule ampeleke nani mahakamani?

Sisemi mzee wetu wa mbao atakuja na helikopta. Nasema ukishazoea kununua mamlaka ya serikali kwa mlango wa kampuni, hushangai tena mlango ukipanuliwa.

Nina baba yangu mdogo aliyekuwa jeshini. Alivuka kwenda Uganda mwaka 1979, akarudi na bega linaloteguka mvua ikikaribia, akastaafu koplo. Sasa analinda duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, usiku. Kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, debe la mkaa miguuni, koti la mvua limevaliwa juu ya sweta mbili. Kombati hana, alizirudisha kambini kama sheria inavyotaka. Jumanne nilimpelekea chai nikamsimulia habari ya mshauri. Akasikiliza hadi mwisho, akachokonoa mkaa, akauliza, "Hiyo milioni nne ni ya mwaka?"

"Ya mwezi, baba."

"Mwambieni katibu mimi nachukua laki nne. Na vita niliviona."

Yeye hana watu. Aliokuwa nao kikosini wanalinda maduka mengine.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake, akiingia na akitoka. Nyumba anaandika, mashamba anaandika, hisa anaandika. Simu haimo kwenye fomu. Mimi nataka iwemo. Afisa mwandamizi akistaafu akae miaka kadhaa kabla ya kulipwa na mtu yeyote kwa ajili ya kuonana na ofisi ya serikali. Ikipita, kampuni yake iandikwe kwenye orodha inayosomeka na kila mtu, na kila simu ya kazi anayompigia mtumishi wa umma iwekwe kumbukumbu, nani, lini, kuhusu nini. Mtaniambia nchi hii hilo haliwezekani. Basi tuanze na umoja wetu, ambao una wanachama wanaotoshea ukumbi mmoja.

Mkataba unasainiwa mwisho wa mwezi. Nimemwandikia katibu kuomba hadidu za rejea, yaani mzee anatakiwa atuletee nini, kwa tarehe gani, na tukikosa tunamkata kiasi gani. Jibu nililopata kwa mdomo ni kwamba kazi za namna hii haziandikwi zote. Ndiyo maana naitisha kikao cha dharura. Katiba yetu inataka saini za theluthi moja ya wanachama. Wa Ifwagi, Sadani, Nyololo na Igowole, karatasi ipo dukani kwangu mpaka Ijumaa jioni. Njoo na kadi ya uanachama, na uwe umelipa ada, maana najua hapo ndipo watakapotukatia.