Boma la Nabongo: serikali ilichukue, au libaki kwa Wanga?

Kila mjadala kuhusu urithi wa Wanga unapoibuka huku magharibi mwa Kenya, haupiti muda kabla Fort Jesus haijatajwa. Ngome hiyo ya Mombasa ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip, aliyetawala Hispania na Ureno. Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, na Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho. Basi watu huuliza: ikiwa ngome ya mfalme wa ng'ambo imetunzwa hivyo, kwa nini makao ya Nabongo, yaani mfalme wa Wanga, kule Mumias na Matungu, yasiwe makumbusho ya taifa?

Swali ni la haki, ila mfano wenyewe haulingani. Fort Jesus ilikuwa tayari mikononi mwa serikali, na hakuna mjukuu wa Philip anayekwenda pale kuwakumbuka wazee wake. Matungu ni kwingine. Kuna makaburi ya Manabongo, kuna kituo cha utamaduni, na kuna ukoo ambao bado unayahesabu makaburi hayo kuwa yao. Kuuza tiketi mlangoni pa kaburi la babu wa mtu ni jambo la kuombewa ruhusa, tena si mara moja.

Hata hivyo, wanaotaka serikali iingie wana hoja nzito, na nzito zaidi si ile ya fedha za watalii. Ni kwamba historia ya Mumias si ya Wanga peke yao. Misafara ya Waswahili ilipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, na kupitia wafanyabiashara hao Uislamu ukapata makao yaliyodumu hadi leo. Mpelelezi Joseph Thomson alipita 1883, mwaka mmoja tu tangu Nabongo Mumia arithi kiti cha baba yake, Shiundu. Askofu James Hannington alipita 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Waingereza waliweka kituo hapo 1894 na kulitawala eneo hili kutoka hapo, hadi makao yao yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920.

Halafu kuna Chetambe. Mwaka 1895, juu ya mlima karibu na Webuye, Wabukusu wa Bungoma walijihami ndani ya ngome yao dhidi ya kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley. Wapiganaji wa Mumia walikuwa upande wa Hobley. Wabukusu walishindwa. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu, na ndugu zake wakapewa kutawala watu wasio Wanga: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Kwa familia nyingi za Bungoma, kumbukumbu ya Nabongo inaanzia hapo, na haina utamu.

Kituo cha ukoo kimejengwa kumheshimu Nabongo, na sioni kosa katika hilo. Lakini hakiwezi kutarajiwa kuweka ukutani maelezo ya Chetambe kama yanavyosimuliwa Webuye. Makumbusho ya taifa yana wajibu huo. Hii ndiyo sababu pekee inayonifanya niunge mkono serikali kuingia hapa.

Wanaoitaka serikali hutaja pia Kasubi, kule Kampala. Makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, yaliungua huko Machi 2010 yakiwa chini ya ufalme wa Buganda, na wengine hulishika tukio hilo kama ushahidi kwamba falme haziwezi kulinda urithi. Mimi naliona tofauti. Kuyajenga upya kulihitaji miiko, na ujuzi wa kuezeka ulio mikononi mwa ukoo wa Ngeye. Ujuzi wa aina hiyo haupatikani kwa kutangaza zabuni.

Katiba ya 2010 inaacha mlango wazi: makumbusho yamo katika kazi za kaunti, huku kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo si lazima mtu mmoja ameze yote. Makaburi na matambiko ya Matungu yabaki kwa ukoo, bila bodi wala tiketi. Habari za misafara, za dini na za kituo cha Waingereza zipate jengo lake mjini Mumias, lisilogusa nyumba ya mtu. Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa 1980 yana boma la Kijaluo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho, na wageni hujifunza humo bila kukanyaga kaburi la yeyote.

Sharti langu ni moja: mpango wa Mumias na wa Chetambe uwe mmoja, bajeti moja, wazee wa Wanga na wa Bukusu wakipitia maandishi ya ukutani pamoja kabla ya kuchapishwa. Mumias ikifunguliwa peke yake, Webuye watakuwa na haki ya kuisusia.