Kozi Tatu Tu, Mama

Fundi wa kwanza alisimama sebuleni, akanyoosha mkono, akagusa dari, akacheka. "Kozi tatu tu, mama. Siku nne tumemaliza." Yaani mistari mitatu ya tofali juu ya ukuta, bati lipande.

Wala fundi mwenyewe si mrefu. Nyumba hii marehemu baba aliijenga Mburahati miaka ya themanini, na tangu hapo barabara ya mtaa imepandishwa kwa kifusi mara kadhaa. Maji ya masika yakaanza kutuingilia ndani. Nasi tukajaza kifusi vyumbani, tukamwaga jamvi jipya la zege juu ya lile la zamani. Sakafu ikapanda, bati likabaki palepale. Sasa mgeni akija anainama mlangoni kama anayeingia bandani kukusanya mayai.

Kuinua ukuta sikupingi. Dar nzima watu wanainua. Ninachopinga ni hilo neno "tu".

Kuta zangu zote, za nje na za vyumba, ni mita 70 hivi. Tofali la unene wa inchi 6 lina urefu wa inchi 18, kwa hiyo kozi moja inakula tofali kama 150, na kozi tatu 450. Tofali zima lisilo na matundu halipungui kilo 30. Hizo ni tani 13 na nusu, zege na kenchi mpya, zile mbao za kubeba bati, bado, zinakwenda kukalia msingi uliojengwa wakati saruji yenyewe ni ya kutafuta kwa kujuana. Fundi wa kwanza hakuuliza hata msingi una kina gani. Wa pili alichimba pembe mbili za nyumba kabla hajataja bei. Alikuta tofali za kulaza, nzima, hazijaliwa na chumvi. Hapo ndipo nikaanza kumsikiliza.

Yeye anasema tupandishe kozi mbili, na mahali pa ile ya tatu tumwage lenta, yaani mkanda wa zege, ya inchi 9 kuzunguka kuta zote, nondo nne za milimita 12 na ringi za kuzifunga. Urefu uleule. Uzito karibu uleule pia, sidanganyi. Tofauti ni kwamba ukuta unafungwa. Kabla ya hapo, juu ya ukuta wa zamani pagongwe mpaka vumbi na lipu iliyolegea vitoke, palowekwe, papakwe ujiuji wa saruji, na vipande vya nondo visimamishwe kwenye lenta ya zamani ili vishike kozi mpya. Bila hayo unakuwa umepanga tofali juu ya tofali, halafu upepo unaingia chini ya bati na kuvuta.

Fundi wa kwanza aliposikia habari ya lenta alisema hizo ni hela za kutupa. Nilimpa chai, akaenda.

Na zile siku nne! Lenta peke yake inataka kumwagiliwa maji wiki nzima kabla kenchi haijapanda, na sisi muda wote huo tutalala kwa shangazi.

Kile kifusi cha ndani nacho kilikuwa kosa letu. Kimepita usawa wa nailoni ya kuzuia unyevu aliyoweka baba, unyevu unapanda, na lipu ya chumba cha nyuma inabanduka kama ganda la muhogo. Hiyo nayo inataka fungu lake.

Nondo zimeshalala uani. Bati linang'olewa Juni, masika yakishapita.