Bangi ikihalalishwa, ajali zinaongezeka?

Majimbo ya Colorado na Washington nchini Marekani yalipiga kura kuhalalisha bangi ya starehe Novemba 2012, na maduka yakaanza kuiuza 2014. Hadi leo Wamarekani wanabishana kama barabara za huko zimekuwa hatari zaidi.

Wanaosema ndiyo hawasemi ovyo. Taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima ilichunguza majimbo matano ya magharibi, California na Nevada zikiwemo, ikakuta ajali zenye majeruhi zimepanda kwa karibu asilimia 6. Kanada ilihalalisha Oktoba 2018. Katika jimbo la British Columbia, kati ya madereva waliojeruhiwa, waliokutwa na nanogramu 2 au zaidi za THC (kemikali inayolewesha) katika kila mililita ya damu walitoka asilimia 3.8 hadi 8.6.

Takwimu hizo zinatisha, ila zisomwe taratibu. Watu wengi wakivuta, wengi watakutwa nayo damuni, hata yule aliyegongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa nyekundu. Tena utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha Colorado na Washington na majimbo manane ambayo hayakuhalalisha, na kwa miaka mitatu ya mwanzo haukuona tofauti ya maana katika vifo.

Kwangu mimi, kizungumkuti kiko kwenye kipimo. Pombe imezoeleka: dereva anapuliza kifaa, namba inasoma, kesi inakwenda. THC haiendi hivyo, kwa sababu hukimbilia kwenye mafuta ya mwili. Mtu akivuta, kiwango damuni hupanda ndani ya dakika chache kisha huporomoka, huku kichwa bado kimelewa. Mpaka askari amsimamishe, ampeleke kutolewa damu, muda umepita na ushahidi umeyeyuka. Mvutaji wa kila siku naye anaweza kubaki na THC damuni siku nzima baada ya kuacha, akili yake ikiwa timamu. Washington iliweka kikomo cha nanogramu 5, ukifika hapo una hatia. Colorado inatumia namba hiyohiyo, lakini inamruhusu dereva kuipinga mahakamani. Kwa sheria ya Washington, mgeni wa bangi aliyelewa chakari anaweza kuponyoka, na mzoefu mwenye akili zake akafungwa.

Watetezi hupenda kutaja kwamba mlevi wa pombe hukanyaga mafuta, ilhali wa bangi hupunguza mwendo na kuliachia nafasi gari la mbele. Ni kweli, majaribio yameonyesha hivyo. Lakini anayekwenda polepole huku akiyumba kwenye mstari wake na kuchelewa kushika breki si dereva salama, na akichanganya na pombe hali huwa mbaya zaidi.

Mimi naegemea kwa wanaosema ajali zimeongezeka, ila kidogo, na si yale mauaji ya barabarani yaliyotabiriwa. Kikomo cha nanogramu ningekifuta. Badala yake wapo askari waliofunzwa kutazama macho, mapigo ya moyo na mwendo wa mtu. Nako kuna mashaka: 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts ilisema kushindwa majaribio ya barabarani, kama kutembea kwenye mstari ulionyooka, si uthibitisho wa kisayansi kwamba mtu amelewa bangi. Askari aeleze tu alichokiona, wengine waamue.